Silabe Kumi na Sita

Beni, tarehe 4 mwezi wa tatu 2001

Mama mudogo Virginie,

Ninakusalimia na mikono yote mbili, bunduki nimeiweka chini kwanza. Unisalimie dada Elsa na tumbo yake, mujomba Paulin kule Kalunguta, na chorale yako yote. Miye niko muzima. Hapa Beni ni joto, na chakula ni ya kubadilisha: maharagi asubui, maharagi mangaribi, na siku ya yenga, ju ya heshima ya Bwana, maharagi tena.

Mama yangu anasema nini? Nilimutumia barua ine tangu niingie jeshini, hajanijibu hata na neno moja ya mudomo. Kosa yangu ninaijua. Ile asubui nilimuambia nakwenda Kalunguta kuchukua mahindi kwa mujomba. Akanipa gunia mbili na kamba, akanisindikiza mpaka ku njia. Nikaenda moja kwa moja ku camp na barafiki. Sasa ni mwaka moja na miezi mbili, mama anangojea mahindi.

Donc sikiliza. Komanda wetu, anaitwa Eliezer, anapenda sikukuu kuliko vita, na siye tunamushukuru Mungu ju ya ile. Tarehe 15 ya mwezi wa tano bataillon itafanya sikukuu yake. Komanda ametangaza: mwenye ataandika poème ya vita yenye kupita zingine, atapata congé, ruhusa ya kwenda kwao, ya siku kumi. Siku kumi, mama mudogo! Kutoka hapa mpaka Butembo ni kilomita makumi tano na ine. Nitafika, nitapiga magoti mbele ya mama, anipige kama anataka, nitarudi. Lakini bila karatasi ya congé, askari mwenye anapita barrière ya barabarani anaitwa mutoro, na mutoro hapa kesi yake haikawiake.

Weye ulifundisha miaka makumi tatu na moja, na nyimbo za chorale ni weye unazitengeneza. Unitengenezee hii. Ni ju ya kilima moja kule kusini, mwaka jana.

*Tulipanda kilima, tulipanda,*
*mvula ilinyesha, tulipanda,*
*risasi ilikuja, tulipanda,*
*tukafika juu: hapana mutu.*

*Tulishuka kilima, tulishuka,*
*na mbuzi ya batu, tulishuka,*
*na redio ya batu, tulishuka.*
*Mama moja alisimama akatuangalia.*

Jibu umupatie Kasika, ule mama mwenye kuuzisha poireaux, mboga ya majani sawa kitunguu. Kila yenga anakuja ku soko ya hapa.

Mutoto wako,
Jéthro Muyisa

*

Butembo, tarehe 21 mwezi wa tatu 2001

Kwa Bwana Mushairi wa Jeshi,

Barua yako ilitumia siku kumi na saba kwa kilomita makumi tano na ine. Konokono ya Masereka ingelifika, ikazaa, ikarudi kututangazia. Nasikia kwenu kuna bureau inaitwa S2 yenye inasoma barua mbele ya wenyewe. Donc salamu kwako pia, bwana wa S2. Nimeandika na mukono wa mwalimu, herufi kubwa kubwa, usiumize macho.

Habari za kwetu. Elsa alizaa mutoto mwanamuke, tulimuita Bénie. Mujomba Paulin alikimbia Kalunguta na sasa yuko kwangu, anakohoa na anatoa mashauri, vyote viwili kutwa nzima. Mama yako anakusalimia.

Sasa tuingie darasani. Nilikaa ku meza na sahani ya maharagi, sawa vile nilifundishaka darasa la tano: haragi moja kwa kila silabe. Strophe ya kwanza: kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja. Nikahesabu tena ju nilizani nimekosea. Weye mwenye hukujua kuhesabu kuku tatu za babu yako! Ni bahati, hapana kujisifu. Lakini rime iko wapi? Katika Kiswahili cha vitabu banasema vina. Tulipanda, tulipanda, tulipanda: neno kurimi na yenyewe ni sawa mutu kuoa dada yake. Na ile «hapana mutu» imesimama pale mwisho sawa mugeni mwenye hajui mulango ni gani.

Nitakupa fundisho ya bure. Mutu mwenye anarudilia maneno yake bila kubadilisha hata kidogo, kuna kitu anaficha nyuma. Ile niliijua darasani zamani. «Nilisoma, mwalimu, nilisoma, nilisoma»: huyo hakusoma.

Strophe ya pili ni aibu ya ukoo muzima. Mustari wa mbuzi unapungukiwa silabe moja. Nazani muliikula pamoja na mbuzi. Na ule wa mwisho! Silabe kumi na sita! Maharagi ilijaa meza, zingine zikaanguka, kuku ya jirani ikakula silabe zako mbili. Huyu mama anafanya nini hapa? Ni poème ya ushindi, yeye anasimama katikati na macho yake. Mutoe. Komanda hawezi kukupa congé ju ya mama mwenye anaangalia. Na bwana wa S2 asije kuuliza mbuzi ilikuwa ya nani.

Fanya mbio. Tarehe 15 ya mwezi wa tano ni mbali. Huyu Komanda mwenye kupenda sikukuu, hawezi kuileta mbele kidogo?

Mama yako mudogo,
Virginie Kyakimwa, mwalimu wa darasa la tano na sasa wa jeshi

*

Beni, tarehe 3 mwezi wa ine 2001

Mama mudogo mwalimu,

Salamu kwako, kwa Elsa na kwa huyu Bénie mupya, Mungu amukomalishe. Pole kwa mujomba Paulin, na pole zaidi kwako, ju mashauri yake ninayajua. Hapa tuko, tunapiga parade asubui, tunachimba mashimo, tunafunika mashimo. Maharagi yanaendelea vizuri.

Hii barua haikupita ku S2. Kasika ameifunga ndani ya pagne, kitenge chake, chini ya poireaux, donc naweza kuongea.

Nilikutii, nikamukata huyu mama. Nilimufanya silabe kumi na moja: «Mama moja alituangalia.» Hesabu na maharagi yako, iko sawa. Niliisoma mara moja nikaona nimesema uongo. Hakutuangalia tu. Alikuwa anakaa chini anamenya mihogo. Akaniona na mbuzi yake ku kamba, akasimama, sawa vile bamama ba kwetu banasimamaka wakati mugeni anaingia. Hakulia. Hakututukana. Donc ule mustari unahitaji nafasi ya yeye kusimama, halafu nafasi ya kuangalia. Silabe kumi na moja haimutoshi. Ingine yote unaweza kukata na kisu yako, mais huyu mama hapana. Na ju ya mbuzi, usiniulize.

Sasa miye ninakuuliza. Uliandika: «Mama yako anakusalimia.» Aksanti. Alisema vile gani? Alikuwa ku shamba ao ndani? Alicheka ao alifyonza? Kama alinitukana, uniandikie matusi yote, na silabe zake. Nitafurahi kuliko salamu.

Mutoto wako,
Jéthro

*

Butembo, tarehe 19 mwezi wa ine 2001

Kwa mutetezi wa bamama na mukamata wa mbuzi,

Huku mvula haitupumuzishe. Bénie ananyonya sawa ndama. Chorale iliimba Pasaka vizuri sana, ju nusu ya ba ténor baliogopa barabara bakabaki kwao. Siku hizi ninalala kwa mama yako, ju paa yangu inavuja. Mama yako anakusalimia.

Maelezo yako ju ya mustari nimesoma. Ni mazuri. Yatakusaidia sana wakati Komanda atakuwa anapatia mwingine congé. Mutoto, unataka kweli ao unataka kufika nyumbani? Vyote viwili havipande ku camion moja. Nimeamua kwa jina lako. Nimekuandikia poème ya kushinda, utasoma vile ilivyo, bila kuongeza hata koma.

*Mbele yetu ni Komanda,*
*kilima tulikipanda,*
*adui alijikanda,*
*na asifiwe Komanda!*

Nane, nane, nane, nane, na rime ine sawa misumari. Utaniuliza adui alijikanda ju ya nini. Sijui. Labda mugongo ilimuuma. Rime ilimulazimisha. Ndani ya poème ya jeshi adui anafanyaka kile rime inataka, na hakuna mwenye atavuka kwenda kumuuliza.

Nyuma ya karatasi kuna strophe zingine tano, zote zinaisha na Komanda. Mbuzi haiko. Redio haiko. Mama hayuko. Nimekifagia kilima chako vizuri sana, hata Askofu anaweza kupanda pale.

Bwana wa S2, kama unasoma, na wewe ungeweza kumusifia Komanda hii poème mbele ya siku. Uko na moyo muzuri, inaonekana ku vidole vyako vya mafuta ku bahasha yangu.

Jéthro, uishinde ile congé. Nakuomba. Hapana kuniletea fazaa tena ju ya silabe.

Mama yako mudogo,
Virginie

*

Beni, tarehe 18 mwezi wa tano 2001

Mama mudogo,

Salamu kwa bote. Furahi: tumeshinda.

Tulikuwa batu saba. Sergent Précieux alisoma poème ya kurasa ine, haikuwa na rime wala mwisho, tulipiga mikono ili akae chini. Nyuma nikasoma yako. Nakuapia kwa Mungu, Komanda alilia. Machozi ya kweli. Tulipofika ku «adui alijikanda» akapiga meza, akasema: «Ni kweli kabisa! Balijikanda! Niliona na macho yangu!»

Akanishika mukono mbele ya bataillon muzima. Akasema mutu mwenye akili ya namna hii hapana kumutuma congé, ataharibika ku njia. Amenipa kazi mupya. Naitwa chargé ya mapoème. Nitakaa karibu yake, nitakula ku meza yake, na akienda kusini ku position nitamufuata, ju ushindi uandikwe mbele haujafika. Congé ya siku kumi alipewa Sergent Précieux, mwenye alikuwa wa pili, ju yeye hana akili ya kuharibika. Jana alipanda camion ya Butembo anaimba.

Mama mudogo, ulitengeneza sana. Ungeacha hata mustari moja ya kuchechemea.

Mais hapana ile inaniondolea usingizi. Ni weye ulinifundisha: mutu mwenye anarudilia maneno bila kubadilisha, anaficha kitu. Nilichukua barua zako zote, hata za mwaka jana. Mwaka jana uliandika: «Mama yako anasema ule mahindi yako mwenyewe, zikukwame.» Uliandika: «Mama yako amekutupa, halafu akauliza kama huko kuna blanketi.» Kumbe alinijibu, niliisahau! Tangu mwezi wa tatu ni «Mama yako anakusalimia», na «Mama yako anakusalimia». Maneno tatu zile zile. Mama yangu hajawahi kusema neno moja mara mbili namna moja, hata rozari anaibadilishaka. Na Kasika anasema paa yako ilipata mabati mapya mwaka jana, haina tundu. Nilipomuuliza habari ya mama, akainama kupanga poireaux zenye zilishapangwa.

Ninakuuliza bila rime. Mama ana nini?

Jéthro

*

Butembo, tarehe 27 mwezi wa tano 2001

Mutoto yetu Jéthro,

Nimesoma barua yako nikasimama, nikakaa, nikasimama. Mwanafunzi moja tu katika miaka makumi tatu na moja ameshika fundisho, na amelishika ili anipige nayo.

Nilikudanganya. Mama yako ni mugonjwa tangu mwezi wa pili. Ni tumbo. Inavimba, na chakula haipite. Tulimupeleka ku daktari, akatuambia tumurudishe nyumbani, tumupikie uji, tusali. Ndiyo maana ninalala kwake. Kasika nilimuapisha ku Biblia, hapana kumukasirikia.

Ju ya nini sikukuambia? Ju nakujua. Ungelitupa bunduki ile saa ile, ukapita porini, na ku barrière ya kwanza bangekushika. Nilikuwa tayari na mugonjwa moja ndani ya nyumba. Sikutaka maiti juu yake. Nikasema nitamuleta mutoto na congé, na karatasi, na muhuri, mbele ya macho ya bote. Nikaandika poème nzuri. Sasa angalia. Mimi mwenye kusahihisha batu bote, nilitengeneza mpaka nikaharibu. Nina hasira na Komanda, na hasira kubwa zaidi na mimi.

Sikiliza hii na masikio yote. Nilimusomea mama yako poème yangu, ile ya Komanda. Ku adui mwenye kujikanda alicheka mpaka nikaogopa. Akasema: «Hii ni yako, Kyakimwa. Inanuka chaki. Ya mutoto iko wapi?» Nikamusomea yako, ile mbaya. Alinisomesha mara tatu. Ku ule mama mwenye alisimama, akanishika mukono nisiendelee. Akauliza: «Alimurudishia mbuzi yake?» Nikamuambia poème haisemi. Akasema: «Basi akuje aniambie.»

Tangu ile siku anauliza ile tu. Ju ya mahindi hakumbuki tena. Ju ya mbuzi anauliza kila asubui.

Uende kwa Komanda wako. Hapana na poème, na kinywa. Umuambie mama yako ni mugonjwa, hata yeye alizaliwa na mutu. Lakini hapana kutoroka. Naandika kubwa, bwana wa S2 asome vizuri: HAPANA KUTOROKA.

Mama yako mudogo,
Virginie

*

Beni, tarehe 13 mwezi wa sita 2001

Mama mudogo,

Salamu kutoka cachot, kifungo ya jeshi. Hapana kushituka, niko muzima, na kuna kivuli. Sergent Précieux alirudi ku congé yake munene, akawekwa mulinzi wa mulango, na ni yeye amenipa hii karatasi. Anasema Butembo ilikuwa muzuri sana. Nilimuomba asinieleze.

Nilifanya vile ulisema. Nilikwenda kwa Komanda na kinywa tupu. Alisikiliza vizuri, akasema pole, akatoa hata kofia. Halafu akasema: «Likambo te, hakuna neno, mutoto, utakwenda. Lakini général anatutembelea siku ya yenga. Umuandikie kwanza poème yenye kupita ile ingine, nyuma tutaona.»

Nikarudi kukaa na karatasi. Nikawaza sawa mutu mwenye akili, ju banasema niko nayo: kama poème nzuri ndiyo ilinifunga hapa, basi mbaya itanifungua. Nitasoma ile ya kwanza mbele ya général. Komanda atapata haya, atasema huyu hapana mupoète, ni mupumbavu, anitupe inje, anitume kwetu.

Siku ya yenga nikasimama mbele ya bendera. Nilisema «Tulipanda kilima, tulipanda», na baaskari, bila mutu kubaambia, bakaitika «tulipanda». Kila mara. Mama mudogo, batu mia tatu! Ulisema neno kurimi na yenyewe ni kuoa dada yake. Hapana. Ni miguu. Général alikuwa anatingisha kichwa. Komanda alikuwa anapiga mikono, na alipiga mikono mpaka ku mbuzi, hata ku redio alipiga kidogo, ju masikio yake haifanyake kazi haraka. Halafu nikasoma ule mustari wa silabe kumi na sita, na hapo hakuna mwenye aliitika. Kila mutu aliangalia viatu yake. Bwana wa S2 akainuka, akamunongonezea Komanda ku sikio.

Nilipewa siku kumi. Unaona, Komanda hakusahau hesabu. Siku kumi za cachot, kuanzia leo.

Sasa ya maana. Umuambie mama jibu yangu leo, hapana kungoja nifike. Umuambie hapana, sikumurudishia mbuzi. Ni miye nilikata kamba. Ni miye nilichinja, na nilikula nyama ya mugongo, na ilikuwa tamu. Kesho yake tulipita pale tena na sikuangalia upande ule. Umuambie vile tu, usitengeneze kitu. Na umuambie nikitoka hapa nitatafuta ule mama, na mbuzi ingine ku kamba.

Jéthro

*

Butembo, tarehe 20 mwezi wa sita 2001

Jéthro, mutoto wangu,

Tuko bengi hapa nyumbani kwenu. Elsa yuko na Bénie. Mujomba Paulin yuko, hatoi shauri hata moja. Jamaa ya kule Luofu bamefika kwa miguu. Chorale ilikuja yote, bakaimba tangu juzi, na sikumusahihisha mutu.

Barua yako bandugu ba barrière baliishika siku tatu pamoja na Kasika na poireaux zake, ju balisema mama mwenye poireaux nyingi vile lazima anapeleka adui supu. Ilifika jana. Ulisema nimuambie leo. Nimeisoma kwa sauti, vile ulivyoandika, sikugusa kitu. Bote balisikia. Ule mwenye ulimuandikia, sijui.

Ju ya poème yako: nilikosea. Nimeiweka tena ku meza na maharagi. Kumi na sita haipunguzwe. Nimejaribu mara nyingi, hizi siku tatu sikuwa na kazi ingine ya mikono.

Kwetu kuna maneno yenye hatuandikake. Weye ulikomalia kwetu, unajua, lakini ninakurudilishia ju jeshi inasahaulisha batu. Maneno ya namna ile inabebwa na mutu wa damu yako, na miguu yake. Anafika, banakukalisha chini, banakupa maji, ukishakunywa ndiyo anafungua kinywa. Kalamu haina ruhusa. Donc hii barua haina habari ndani yake, na bwana wa S2 asipoteze wakati.

Siku ya tano, kesho kutwa, nitapanda camion na Kasika, juu ya viazi. Nitaanza kwa Komanda Eliezer. Nitamuomba siku ine tu, hapana kumi, na nitamuomba na sauti ya darasa la tano, mlango ukiwa wazi, baaskari bote basikie. Akikataa, anifunge na mimi. Nimefunga batu miaka mingi ndani ya kona ya darasa, sitashangaa.

Nyuma nitakuja ku mulango yako. Umuambie Sergent Précieux akutafutie kiti. Kama kiti hakuna, jiwe, ndoo, chochote. Hapana kuniuliza kitu mbele haujakaa.

Mama yako,
Virginie